Kitambaa cha Mpangaji

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, mke wangu alifua kitambaa cha paka.

Vingine vyote alikwisha kufua. Mashuka, mapazia, taulo, blanketi la meza ya pasi, hadi kile kitambaa cha kushikia sufuria ya moto. Tulikuwa tunakwenda kwa binti yetu kupumzika, na mke wangu alikuwa dobi. Dobi hafungi mlango akaacha nguo chafu ndani. Alifundishwa hivyo na shangazi yake. Ukipatwa na jambo njiani, watakaofungua nyumba yako wasikute uchafu wako.

Paka alikuwa amekilalia. Mke wangu akamwinua kwa mkono mmoja, akakivuta kwa mkono wa pili.

"Toka, bwana wee. Na wewe uonje usafi."

Paka akaenda kukaa kizingitini, ametupa mgongo.

"Amenuna," nikasema.

"Anune. Kodi halipi, leo ananuna pia?"

Tulimwita Mpangaji. Aliingia siku ya mvua, mdogo kama ngumi, akapanda kwenye kapu la nguo zilizotoka kwenye pasi, zina joto bado, akalala. Mke wangu hakuzigusa nguo zile hadi jioni. Mwenyewe, mwalimu, akaja kuzidai. Akaambiwa, "Subiri, mwalimu. Kuna mpangaji." Jina likakaa.

Kitambaa chake kilikuwa kipande cha sketi ya zamani ya mke wangu. Tangu apewe hakikuwa kimeona maji. Asubuhi ile kilipita kwenye sabuni, kikasuuzwa, kikaanikwa juani, na unyevu uliobaki ukamalizwa na pasi, pande zote mbili. Akakikunja. Akakirudisha mahali pake, chini ya meza.

Jirani yetu, mwuza mkaa, akaja kuchukua ufunguo. Ndiye aliyemuuzia mke wangu mkaa wa pasi miaka yote, na ndiye aliyeombwa kumlisha paka. Walikuwa mashoga wa kutaniana. Siku wasipotaniana, ujue mmoja anaumwa.

"Nawa mikono kwanza," mke wangu akamwambia.

"Nashika ufunguo, shoga, sishiki shuka lako."

"Ufunguo unafungua mlango, na mlango una pazia. Nawa."

Akanawa. Akarudi mikono inadondosha maji.

"Wanasema paka akiondoka panya hutawala," akasema. "Sasa nyinyi ndio mnaondoka, paka anabaki. Panya ni nani hapo?"

"Panya ni huyu mzee wangu. Lakini naondoka naye."

Tukacheka sote. Mke wangu akamweleza: vichwa vya samaki uvichemshe, uvipoze, uviweke kwenye sahani ya bati, kisha ugonge sahani kwa kijiko. Ukigonga tu, ataitika mwenyewe. Mwuza mkaa akasema marehemu mume wake hakuwahi kupewa heshima hiyo.

Tukaenda kupanda basi. Mke wangu aligeuka mara moja. Paka alikuwa bado kizingitini.

Nimwelezee kidogo, maana wengi walimjua kwa nguo zao tu.

Mama yake alifariki yeye hajaota meno ya pili. Akalelewa na shangazi yake, dobi. Alianza kupiga pasi amesimama juu ya kreti la soda, maana meza ilimpita kimo. Pasi ya mkaa ni nzito kwa mtu mzima, seuze mtoto. Joto lake alilijua kwa kuisogeza karibu na shavu. Shavu hakuliunguza hata siku moja. Kovu lilikuwa kwenye kifundo cha mkono, refu, linang'aa. Nililijua kovu lile gizani.

Hakusoma, kama mimi. Herufi hizi chache binti yetu alinifundisha ukubwani. Yeye alizikataa, alisema vidole vyake vimeshajaa. Nguo za watu alizitambua kwa uzi. Kila mteja alimshonea uzi wa rangi yake ndani ya pindo. Mwalimu, kijani. Mwenye duka la dawa, njano. Mashati yangu yote yana uzi mweusi ndani ya kola. Nilimuuliza kwa nini mimi mweusi.

"Kwa sababu hauchuji," akasema.

Tulijuana kwa shati. Nilikuwa mbeba saruji ghalani. Ukibeba saruji unarudi nyumbani kama sanamu. Siku moja nikapeleka shati kwa shangazi yake, na nilikuwa nimelilowesha kwanza, nikidhani nasaidia. Saruji ikashika. Yeye akalichukua, akaliweka mezani, likasimama lenyewe.

"Hili silifui, kaka," akasema. "Hili najengea choo."

Wateja wakacheka. Nikataka ardhi inimeze. Kesho yake nikarudi na shati lingine, nimelikung'uta vizuri. Halafu nikarudi na lingine. Mashati sikuwa nayo mengi, ikabidi nirudishe lile alilokwisha kufua, likiwa safi bado. Akalinusa. Akanitazama.

"Kaka, hili halina kosa. Mwenye kosa ni nani?"

Nikamwambia. Akacheka hadi akaweka pasi chini.

Tulijaliwa mtoto mmoja, huyo binti. Mama yake alimfundisha kufua kabla hajajua kusuka nywele. Damu, maji ya baridi. Rangi inayochuja, chumvi. Kola, wanga. Na nguo ikitoka kwa mtu, iende majini siku hiyo hiyo, isilale. Binti alikua, akapata kazi mbali, mji wa baridi wenye milima, akaolewa huko. Kila mwaka alituita.

"Mama, njoo upumzike."

"Nani kasema nimechoka?"

"Njoo tu."

"Na Mpangaji?"

"Mama, yule ni paka."

"Ndiyo, ni paka. Hajui kupika."

Mwaka huu alikubali. Magoti yalikuwa yanamsumbua, ingawa hakusema. Nilimwona akishika meza kila akiinuka. Maisha yake yote hakuwahi kulala nje ya nyumba kwa mapumziko. Msiba, ndiyo. Kuuguza, ndiyo. Kupumzika, hapana.

Binti yetu alikuwa ameificha pasi. Aliifungia kabatini, akampa mumewe ufunguo. Alimjua mama yake. Alikuwa amefanya kazi za ziada mwaka mzima ili apewe ruhusa wiki ile. Alitupikia, alitutembeza, alimpaka mama yake dawa magotini. Siku mbili mke wangu alivumilia. Siku ya tatu akasimama mbele ya mkwe wetu, mikono kiunoni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sitaki. Nipe pasi."

Mkwe akamtolea macho mkewe. Mkewe akacheka akashindwa. Pasi ikatoka. Siku ile mkwe alikwenda kazini amenyooka kama askari wa gwaride.

Jioni tukampigia simu mwuza mkaa. Simu ilikuwa yangu. Mke wangu aliishika mbali kidogo na sikio, nikasikia yote.

"Mpangaji anakula?"

"Anakula, shoga. Anakula kama mkwe mpya."

Mke wangu akageuza kichwa, akatega sikio.

"Mgongee sahani nisikie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Tukasikia bati. Ka, ka, ka. Mpangaji ukimgongea sahani alikuwa analia kabla hujainua kijiko. Tukasikiliza. Bati tena. Paka hakuitika.

"Shoga," mke wangu akasema taratibu. "Usinifiche."

Mwuza mkaa akashusha pumzi.

"Hajala. Maji anaramba, chakula hataki. Sikutaka kukuharibia mapumziko. Anazunguka nyumba nzima anatafuta. Ananusa shuka, ananusa pazia, ananusa hicho kitambaa chake. Halafu anakwenda mlangoni analia. Nimemwita kwa majina yote mazuri, shoga, hata yale ya marehemu."

Hapo mke wangu hakucheka. Akakata simu, akakaa kitandani.

"Nimemkosea," akasema.

"Umemkosea nini?"

"Nimefua nyumba nzima, mzee. Hata kwenye mto simo. Nimemwacha kwenye nyumba asiyoijua."

Nikamwambia turudi kesho. Akafikiri sana. Nilimwona akipima, kama anavyopima joto la pasi.

"Mtoto ameomba ruhusa kwa ajili yangu," akasema. "Nikiondoka sasa atasema nimempenda paka kuliko yeye. Mpangaji maji anakunywa. Atanisubiri."

Akavua kitambaa chake cha kichwani. Cha bluu, kilichopauka. Akakinusa, akakifunga tena.

"Hiki sikifui hadi tufike. Hiki ni chake."

Kwa mtu mwingine hilo si neno. Kwake lilikuwa neno kubwa. Mtu ambaye hakurudia nguo siku ya pili, sasa alilala na kitambaa, akaamka nacho, akapika nacho, akatembea nacho juani. Akakifutia jasho la shingoni, makusudi, halafu akakifunga tena. Kikaanza kushika mafuta yake ya nywele na moshi na yeye mwenyewe. Akaona aibu.

"Usimwambie mtoto," akaninong'oneza. "Atasema dobi mzima ananuka."

Binti akagundua.

"Mama, hicho kitambaa hubadilishi? Lete nikufulie."

"Kichwa kinasikia baridi."

"Nikupe kingine."

"Hiki kimeshazoea kichwa."

Binti akanitazama. Nikatazama dirishani.

Kila jioni alipiga simu. Akamwambia mwuza mkaa aweke simu karibu na paka, akamsemesha. Sijui alimwambia nini, aligeukia ukuta. Baadaye mwuza mkaa alisema paka alikuwa akiinua masikio, akazunguka simu, akatazama nyuma yake, akaondoka.

Siku ya mwisho kabla ya safari mfuko ulikuwa tayari. Baada ya chakula cha mchana akakaa kwenye kiti cha dirishani.

"Nisinzie kidogo," akasema. "Mniamshe, nisije nikakosa usingizi usiku na kesho kuna basi."

Nikaenda kumwamsha. Kichwa kilikuwa kimeegemea upande. Kitambaa kilikuwa kimemlegea. Nikamshika mkono, nikamshika kovu.

Daktari akasema ni moyo. Moyo wake haukuwahi kulalamika. Magoti ndiyo yalilalamika.

Tulimzika huko huko. Kumrudisha ilikuwa njia ndefu, na hatukuwa na uwezo. Wanawake walimwosha, wakamvika. Watu walikuwa wema, hata nisiowajua. Mimi nilikaa nilipowekwa. Nakumbuka viatu vya watu.

Tuliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa. Nikatoka nyuma, uani, nipate hewa. Kulikuwa na kamba ya nguo.

Nguo za mke wangu zilikuwa juu yake. Zote. Magauni yake, shali aliyojifunika, foronya ya mto wake, shuka alilolalia, shati langu nililokuwa nimevaa nilipomshika. Mwisho wa kamba, kitambaa cha bluu. Kimebanwa kwa vibanio, kwenye pindo, kama inavyotakiwa, kisipate alama. Maji yalikuwa yakidondoka chini yake.

Binti yetu alikuwa pembeni na beseni. Macho yamevimba. Mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Nimefua vya mama vyote, baba," akasema. "Nilivitia majini siku ile ile, leo nimemaliza kuvisuuza. Sikuvilaza. Kama alivyonifundisha."

Nikasimama. Nilitazama kile kitambaa.

"Umefanya vizuri, mwanangu," nikasema.

Akaweka kichwa begani kwangu, akalia. Nikamshika. Ningemwambia nini? Alichofanya ndicho alichofundishwa. Na ndicho mama yake angekifanya.

Siku ya kuondoka akanipa mfuko. Kila kitu kimepigwa pasi. Kitambaa cha bluu kilikuwa juu, kimekunjwa kama barua. Aliniomba nimwachie kitana cha mama yake, nikamwachia.

Nilirudi na basi peke yangu. Kiti cha pembeni tulikwisha kukilipia. Nikaweka mfuko pale.

Mwuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Aliniona, akainua mikono yake, akanionyesha viganja.

"Nimenawa, shemeji," akasema.

Ndipo akaanza kulia.

Mpangaji alikuwa ndani, chini ya meza. Mgongo umetoka mifupa. Akainuka, akaja. Akanusa viatu vyangu, akanusa suruali. Akanipita, akaenda mlangoni, akakaa anatazama barabara. Anasubiri wa pili ashuke.

Nikafungua mfuko. Nikatandika kitambaa cha bluu sakafuni, mbele yake.

Akakinusa kutoka pembe hadi pembe. Alipofika pale palipokuwa na fundo akasimama. Akarudia. Mwuza mkaa akaniambia, "Ngoja, ngoja." Tukangoja, wazee wawili tumechuchumaa. Paka akainua kichwa, akanitazama. Akatoka juu ya kitambaa, akarudi mlangoni.

Nikakiokota nikanusa mwenyewe. Sabuni. Ndani ya wiki ile alikipa jasho lake lote, na kilichobaki kilikuwa sabuni.

Nilimtafuta nyumba nzima, kama paka alivyomtafuta. Nikafungua kabati, nikaweka uso ndani. Nikalala kwenye upande wake wa kitanda. Pazia, mto, blanketi. Viatu vyake alikuwa amevisugua kwa brashi. Nyumba ilikuwa kama ya wageni wanaotarajiwa.

Nikamgongea paka sahani. Nikamchemshia vichwa vya samaki, nikavipoza, nikavitoa miiba. Mwuza mkaa akajaribu maziwa. Daktari wa mifugo akaja, akamfungua mdomo, akambonyeza tumbo, akasema hana ugonjwa. Nikamwambia najua.

Siku moja nikawasha pasi. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka moshi wake tu, ule wa asubuhi. Nikapanga mkaa, nikapepea, nikafungua kile kidirisha cha nyuma. Moshi ukatoka. Nikachukua shati langu, nikalinyunyizia maji, nikaweka pasi juu yake. Likatoa ile sauti.

Mpangaji alikuja mbio. Sikujua kama bado ana mbio. Akaruka juu ya meza, mkia juu, akilia kile kilio chake cha njaa. Akanifikia. Akaniona ni mimi.

Sijawahi kutazamwa vile na mtu wala mnyama.

Nilipokumbuka pasi, shati lilikuwa limeungua. Paka akashuka taratibu, mguu mmoja mmoja. Akatoka mlangoni. Nikadhani amekwenda kukaa mahali pake. Jioni hakuwepo.

Tulimtafuta, mimi na mwuza mkaa. Tuligonga sahani mtaa mzima, watu wakatuchungulia. Tukatazama mitaroni, tukatazama nyuma ya ghala nililofanyia kazi. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mwisho mwuza mkaa akakaa juu ya gunia lake.

"Shemeji," akasema. "Mpangaji amehama."

Alitaka nicheke. Nilijaribu, kwa ajili yake.

Sasa nyumba ninayo mimi. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, wengine wakalia, wengine wakauliza dobi mwingine yuko wapi. Mwalimu aligeuza pindo la suruali yake, akanionyesha uzi wa kijani. Akaenda zake. Mimi mashati yangu ya uzi mweusi sivai tena, navaa fulana. Nikiyavaa yatachafuka, na yakichafuka nani atayafua? Nayaacha. Nayo hayana harufu yake, ila nayaacha.

Binti alipiga simu juzi.

"Baba, Mpangaji hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Kile kitambaa cha mama cha bluu, kilikuwa kimechafuka sana, baba. Sikumjua mama hivyo. Nilikisugua sana. Kimetoka?"

"Kimetoka, mwanangu. Ni safi kabisa."

"Niliogopa kimebaki na harufu."

"Hakikubaki."

Akafurahi kidogo. Nilisikia. Tangu siku ile sikuwa nimemsikia akifurahi.

Nimekiweka chini ya meza, juu ya kile cha paka. Vyote viwili vimenyooka. Nikikaa hapa nakumbuka asubuhi ile, mfuko uko mlangoni, pasi bado ina joto. Alinyanyua kile kitambaa cha paka kutoka mezani, akaniletea puani. Akaniambia ninuse. Nikanusa, nikamwambia sisikii harufu ya mtu wala ya paka. Alifurahi sana. Alikikunja huku anacheka, akasema:

"Ndiyo kazi hiyo, mzee wangu. Nguo ikifuliwa ikafulika, haimkumbuki hata mwenyewe."